Umri wa Mbao na Kazi ya Mikono: Utangulizi wa Elimu ya Samani za Kale za Ulaya

Anayekutana na kabati la kale la Ulaya, iwe makumbushoni, mnadani au katika nyumba ya urithi, hujiuliza maswali mawili: lilitengenezwa lini, na wapi? Elimu inayotambulishwa katika kurasa hizi huongeza swali la tatu, nalo ndilo linalofungua yale mawili: tangu lilipotoka mikononi mwa fundi, limetendewa nini? Samani iliyodumu miaka 250 imehama nyumba, imegawanywa kati ya warithi, imebadilishwa vishikio, imepakwa vanishi upya, pengine imekatwa miguu ili ienee chumbani. Asiyejua hayo anaweza kutaja umri wa mguu akadhani ametaja umri wa kabati.

Nakukaribisha, msomaji, katika uwanja ambao hauhitaji mtaji mkubwa kuuingia. Vifaa vyake vya kwanza ni tochi, kioo cha kukuzia, futi kamba, daftari na ncha za vidole. Kinachohitajika zaidi ni nidhamu ya kutazama kabla ya kuamua. Hoja nitakayoitetea ni hii: umbo na nakshi, ambavyo kila mtu huviona kwanza, ni ushahidi dhaifu. Ushahidi wenye nguvu umo katika sehemu ambazo fundi hakutarajia mtu azitazame, na hata huo hautoshi mpaka alama kadhaa zisizotegemeana zikubaliane.

Mtindo na mipaka yake

Vitabu vingi vya fani hii huanza na mitindo, na mwanafunzi hana budi kuijua. Mwingereza Percy Macquoid alichapisha kati ya 1904 na 1908 historia ya samani za Uingereza katika majuzuu manne, kila moja likibeba jina la mti uliotawala zama zake: mwaloni, mjozi, mahogani, na mwishowe zile mbao za manjano zenye mng'ao wa hariri. Mgawanyo huo una msingi. Mwaloni ulitawala hadi katikati ya karne ya 17. Ufalme uliporejeshwa Uingereza mwaka 1660, matajiri wa London walipenda mjozi. Mwaka 1721 Bunge la Uingereza liliondoa ushuru wa mbao zilizotoka katika makoloni ya Amerika, na mahogani ya Jamaika ikaanza kumiminika. Ni mti wa familia moja na mkangazi wetu, nao ulipendwa kwa mbao zake pana, nzito na zisizopinda ovyo.

Hata hivyo, tarehe hizi ni za mtindo wa mji mkuu na wa wenye uwezo. Seremala wa kijijini aliendelea kutumia mwaloni katika karne yote ya 18, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu naye. Michoro nayo ilisafiri kuliko mafundi. Mwaka 1754 Thomas Chippendale alichapisha kitabu chake cha michoro ya samani, The Gentleman and Cabinet-Maker's Director, na tangu hapo fundi yeyote aliyekipata aliweza kutengeneza kiti cha namna hiyo. Ndiyo maana mtaalamu akisema kiti fulani ni cha Chippendale, kwa kawaida anataja mtindo wala hamtaji aliyekitengeneza. Kazi za karakana yake mwenyewe tunazijua kwa uhakika pale tu zilipo hati za malipo na barua, kama katika nyumba za Nostell na Harewood huko Yorkshire, na Dumfries House huko Scotland.

Kisha ikaja karne ya 19 na mapenzi yake ya kufufua kila mtindo uliotangulia. Karakana za Paris, kama ile ya François Linke, zilitengeneza samani za mtindo wa karne ya 18 kwa ustadi wa hali ya juu, tena nyingi zikiwa na saini. Huo haukuwa udanganyifu, kwa maana mnunuzi alijua anachonunua. Tatizo lilizaliwa baadaye, kumbukumbu zilipopotea na kizazi cha tatu kikaamini kwamba meza ya bibi ilitoka katika jumba la kifalme la Versailles. Kwa hiyo mtindo hutuambia tu kwamba kitu hakikutengenezwa kabla ya wakati fulani. Swali la lini hasa kilitengenezwa unaliacha wazi.

Vuta droo, geuza kiti

Somo la vitendo huanzia kwenye droo. Ivute yote nje, ilaze kifudifudi chini ya mwanga unaotoka upande. Tazama pembe ambapo ubao wa mbele unakutana na wa ubavuni. Katika kazi nzuri utaona meno yanayotanuka kuelekea ncha, ambayo yakishapachikwa hayachomoki kwa kuvutwa. Yaliyokatwa kwa mkono hayalingani sawasawa, na mara nyingi mstari mwembamba wa kipimo ambao fundi aliuchora kwa ncha ya chuma bado upo. Yaliyokatwa kwa mashine hulingana yote, meno na mapengo, nayo ni dalili ya mwishoni mwa karne ya 19 au baada yake. Nchini Uingereza, mwishoni mwa karne ya 17 meno haya yalikuwa machache na manene. Kadiri karne ya 18 ilivyosonga yakawa mengi na membamba. Ubao wa chini nao una lake la kusema. Kabla ya miaka ya 1730 hivi, nyuzi zake kwa kawaida zilielekea kutoka mbele kwenda nyuma. Baadaye zikalazwa kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Tafuta alama za msumeno katika mbao ambazo hazikupigwa randa vizuri, kama mgongo wa kabati. Msomaji aliyewahi kuwaona wapasua mbao wakifanya kazi, mmoja juu ya gogo na mwenzake chini shimoni, anaijua tayari alama ya kwanza: mistari iliyonyooka, iliyoinama kidogo, isiyopishana kwa nafasi sawa. Msumeno wa duara huacha mistari iliyopinda kama tao. Hati ya uvumbuzi wa msumeno wa aina hiyo ilitolewa Uingereza mwaka 1777, lakini karakana za samani ziliuzoea katika karne ya 19. Ukikuta mistari ya tao mgongoni mwa kabati linalodaiwa kuwa la 1720, ama ubao huo umebadilishwa, ama kabati zima ni la baadaye.

Vinia, yaani ganda jembamba la mbao ya thamani lililogandishwa juu ya mbao ya kawaida, hupimwa kwa unene. Lililopasuliwa kwa msumeno wa mkono huwa na milimita moja na nusu hivi au zaidi. Marc Isambard Brunel alipata hati ya mashine ya kupasua vinia mwaka 1806, na baadaye visu vya mashine vikawezesha maganda yasiyofika milimita moja. Ukingo uliobanduka kidogo unatosha kwa uchunguzi, usiubandue zaidi.

Sasa tumia vidole. Papasa upande wa chini wa ubao wa meza. Randa ya mkono huacha mabonde mapana yenye kina kifupi ambayo jicho huenda lisiyaone lakini ncha za vidole huyahisi. Randa ya mashine huacha mawimbi madogo yaliyolingana kwa nafasi, yakikatiza ubao kwa mpango.

Baada ya kazi ya fundi, soma kazi ya miaka. Mbao husinyaa kwa upana wake, lakini kwa urefu wa nyuzi husinyaa kidogo mno. Ndiyo sababu meza ya duara ya karne ya 18 ikipimwa kwa futi kamba pande mbili hutoa vipimo viwili tofauti, na vigingi vya mbao vilivyofunga ulimi ndani ya tundu lake huchomoza kidogo juu ya uso. Meza inayodaiwa kuwa na miaka 280 na bado ni duara kamili inahitaji maelezo.

Rangi nayo ina mantiki. Sehemu zilizoguswa na hewa na mwanga hubadilika tofauti na zilizofichwa. Upande wa chini wa droo ya juu, uliofunikwa muda wote, haupaswi kufanana na mgongo wa kabati uliotazama ukuta wenye unyevu. Uchafu hukusanyika nyuma ya vishikio, na mbao za chini za kiti hulika pale miguu ya wakaaji ilipopumzikia. Kila mchakao lazima uwe na sababu yake katika matumizi. Njia ambayo droo hupitia ikiwa imelika na ubavu wa droo haukulika, viwili hivyo havikuishi pamoja. Na ukiona ndani ya droo matundu ya vishikio vya zamani ambayo upande wa nje hayaonekani, uso wa droo hiyo umevishwa vinia upya baada ya vishikio vya kwanza kuondolewa.

Wadudu nao hutoa ushahidi. Buu wa mdudu mtoboa samani wa Ulaya, Anobium punctatum, huchimba njia ndani ya mbao kwa miaka, kisha mdudu aliyekomaa hutoka kwa kutoboa tundu la mviringo lenye upana wa milimita moja hadi mbili. Usoni pa samani tunatarajia matundu, si mifereji. Mifereji iliyo wazi inaonyesha kwamba mbao ilipasuliwa baada ya kuliwa. Basi hapo tuna mbao kuukuu iliyotumiwa kutengeneza kitu kipya, au iliyochongwa upya baadaye.

Chuma na vitasa

Vipande vya chuma husaidia kwa kuwa historia ya viwanda vyake inajulikana vizuri. Msumari wa mhunzi una pande nne na kichwa kilichopondwa kwa nyundo. Misumari iliyokatwa kwa mashine kutoka bamba la chuma ilianza mwishoni mwa karne ya 18, na ile ya waya, ya mviringo tunayoijua leo, ilienea mwishoni mwa karne ya 19. Skrubu za zamani zina ncha butu, na mfereji wa kichwa mara nyingi hauko katikati kabisa. Skrubu zenye ncha kali zilizotengenezwa kwa mashine zilienea katikati ya karne ya 19, hasa baada ya kampuni ya Nettlefold ya Birmingham kununua mwaka 1854 haki za uvumbuzi wa Kimarekani.

Vitasa huweza kubeba tarehe karibu wazi. Kitasa cha Joseph Bramah hakiwezi kuwa cha kabla ya 1784, mwaka wa hati yake. Herufi VR chini ya taji zinamtaja Malkia Victoria, kwa hiyo ni kati ya 1837 na 1901. Lakini chuma hutolewa na kurudishwa. Kabla ya kukubali ushuhuda wa kitasa, chunguza shimo lake: je, lilichimbwa kwa ajili ya kitasa hiki, au pembeni kuna kovu la kingine kilichokuwa kikubwa zaidi? Fanya hivyo kwa kila bawaba na kila kishikio.

Kutambua mahali

Swali la wapi ni gumu kuliko la lini, kwa sababu mafundi walihama na samani zikahama pia. Mfalme Louis XIV alipofuta mwaka 1685 haki za Waprotestanti wa Ufaransa, mafundi wengi walikimbilia Uholanzi na Uingereza wakiwa na ujuzi wao. Miongoni mwao alikuwa mchoraji wa mapambo Daniel Marot. Nayo Paris ya karne ya 18 ilijaa mafundi wenye asili ya Ujerumani. Jean-Henri Riesener, aliyemtumikia Louis XVI na Marie-Antoinette, alizaliwa Gladbeck mwaka 1734. Kisha Mapinduzi ya Ufaransa yakatawanya mali ya wafalme: mnada wa Versailles ulioanza Agosti 1793 uliuza zaidi ya mafungu 17,000. Ndiyo maana baadhi ya samani bora za Kifaransa leo ziko London, katika makumbusho ya Wallace Collection.

Mwongozo wa kwanza ni mbao za ndani, zile ambazo mnunuzi hakuzilipia ili azione. Fundi alizinunua karibu na kwao, kwa bei nafuu. Samani za Kiingereza na Kiholanzi mara nyingi zina mwaloni ndani, au misonobari iliyoletwa kutoka nchi za Baltiki na Skandinavia. Za Kijerumani hutumia sana misonobari na jamaa zake. Za Kiitaliano mara nyingi zina mpopla. Ubora wa kazi ya ndani pia husaidia: kabati la Paris lenye uso wa fahari laweza kuwa na mbao za ndani zilizofanyizwa kwa haraka, ilhali fundi wa London wa hadhi hiyohiyo mara nyingi alisafisha hata droo zake.

Mwongozo wa pili ni mihuri. Chama cha mafundi wa Paris kilitunga katika miaka ya 1740 kanuni, zilizoidhinishwa mwaka 1751, za kumtaka kila fundi mkuu apige jina lake kwa muhuri wa chuma, na wakaguzi waongeze herufi JME. Utaratibu huo ulikoma vyama vilipofutwa mwaka 1791. Lakini mafundi waliolindwa na mfalme walisamehewa, wafanyabiashara na warekebishaji nao walipiga mihuri yao, na waghushi hawakukosa kuiga. Mapambo ya shaba pia yana alama maarufu: herufi C yenye taji, iliyothibitisha kodi iliyotozwa kati ya 1745 na 1749. Alama hiyo inaonyesha kwamba kipande cha shaba kilikuwepo sokoni ndani ya miaka hiyo minne. Haithibitishi kwamba kipande kilizaliwa pamoja na kabati linalokibeba. Nchini Uingereza mihuri ilikuwa adimu, isipokuwa kwa karakana chache kama Gillows ya Lancaster, ambayo pia iliacha vitabu vya michoro na gharama vinavyohifadhiwa hadi leo London.

Mwongozo wa tatu, wenye nguvu kuliko yote ukipatikana, ni maandishi. Ofisi ya samani za kifalme ya Ufaransa iliandika kila kilichopokelewa na kukipa namba, na namba hiyo mara nyingi ilichorwa chini ya samani yenyewe. Mwanahistoria Pierre Verlet alijenga sehemu kubwa ya kazi yake juu ya kuoanisha namba hizo na daftari, na kwa njia hiyo vitu vilivyotawanyika duniani vikarejeshewa historia yao.

Msaada wa maabara

Msomaji atauliza: sayansi haiwezi kumaliza ubishi? Husaidia, kwa mipaka. Kuhesabu pete za ukuaji kumefanikiwa sana kwa mwaloni wa Ulaya, kwa sababu mfuatano wa pete zake umeandikwa kwa karne nyingi, na unaweza kuonyesha hata eneo mti ulikoota. Lakini hutoa tarehe ya pete ya mwisho iliyobaki, na fundi akiwa ameondoa mbao za nje zilizo karibu na gome, miaka kadhaa imekwenda nazo. Kwa mahogani ya nchi za joto njia hii haina msaada kama huo. Kipimo cha kaboni hakifai kwa sehemu kubwa ya samani hizi, kwani kwa vitu vya baada ya katikati ya karne ya 17 matokeo yake hutawanyika juu ya miaka mingi mno. Uchunguzi wa rangi una msaada wa aina yake: buluu ya Prussia haikuwepo kabla ya mwanzo wa karne ya 18, na nyeupe ya titani ni ya karne ya 20. Hata vanishi huhitaji tahadhari, maana ung'arishaji kwa shelaki ulienea Uingereza tangu miaka ya 1820, nao ulipakwa juu ya samani nyingi zilizokuwa kuukuu tayari.

Udanganyifu na funzo lake

Kesi iliyoitikisa fani hii katika zama zetu ilianza kujulikana mwaka 2016, ilipobainika kwamba viti kadhaa vilivyonunuliwa na jumba la Versailles kama vya karne ya 18 vilikuwa vya kughushi. Waliohusika walikuwa Bill Pallot, mwandishi wa kitabu cha 1987 kilichokuwa rejea kuu kuhusu viti vya Ufaransa vya karne hiyo, na Bruno Desnoues, mchongaji aliyeheshimika. Walikiri, na mwaka 2025 mahakama ikawatia hatiani. Mfanyabiashara Charles Hooreman, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Pallot, alishuku mapema. Alijua kwamba Desnoues alitumia likorisi, ule mzizi mtamu wa dawa, kuzeesha rangi ya mbao mpya. Akakiramba kiti, akaipata ladha yake.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilichukua miaka kufika mwisho, na sababu yake inatuhusu sote. Mtindo ulikuwa sahihi, kazi ya mkono ilikuwa ya kweli, na jina la mtaalamu lilikuwa kubwa. Wengi walitazama mbele ya kiti na cheo cha msemaji. Elimu hii inadai kwamba hata neno la bingwa lipimwe mbele ya mbao.

Mahali petu katika elimu hii

Huenda mtu akauliza yanatuhusu nini. Kwanza, samani hizi ziko kwetu. Masultani wa Zanzibar walinunua samani za Ulaya, na baadhi bado zinaonekana katika makumbusho ya kasri huko Mji Mkongwe. Kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa mmoja wa masultani hao, zilizochapishwa mwaka 1886, zinaeleza vioo na saa za Ulaya zilizopamba vyumba vya jamaa zake. Vitu hivi vina historia mbili, ya kule vilikotengenezwa na ya hapa vilikotumiwa, na historia ya pili inahitaji watafiti wanaoijua pwani.

Pili, mafundi wetu wana elimu ambayo wanafunzi wengi wa Ulaya hulazimika kuitafuta upya. Seremala anayepasua, anayepiga randa na kuchonga tundu kwa patasi ya mkono anaijua alama ya kila chombo kwa kuwa anaiacha mwenyewe kila siku. Akiongezewa historia na tarehe, yuko mbali mbele ya msomi asiyewahi kushika msumeno. Natamani kuona makumbusho yetu yakimketisha fundi na mwanahistoria kwenye meza moja.

Kwa anayeanza, nina nasaha chache. Anza na samani ambayo asili yake imethibitishwa kwa hati, ujifunze inavyopaswa kuwa. Usisafishe, usikwangue, usipige msasa kabla ya kuchunguza, kwa sababu uchafu, makovu na mchakao ndio maktaba yako. Kilichofutwa hakisomeki tena. Uliza kila sehemu kwa peke yake, kisha uulize kama sehemu zote zinaafikiana, na usitoe tarehe ya mapema kuliko ile inayokubalika kwa sehemu mpya kabisa iliyo ya asili. Katika daftari lako andika kwanza uliyoyaona na kuyapima. Unayoyakisia yape ukurasa wake. Atakayekuja baada yako anaweza kuipinga kauli yako, lakini vipimo ulivyovichukua kwa uaminifu ataendelea kuvitumia.